Usimuulize Anataka Nini: Mwongozo wa Kupendekeza Vipengele Vipya vya Programu ya Simu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kazi ya kusema programu ya simu iongezewe nini. Pengine wewe ni msimamizi wa bidhaa katika kampuni ndogo, pengine ni mbunifu wa skrini, pengine uko mafunzoni tu na bosi amekutupia swali: "Toleo lijalo tuweke nini?"

Swali hilo likifika kikaoni, majibu hayakosekani. Mkurugenzi ameona kitu kwenye programu ya washindani. Watu wa masoko wanataka pointi na zawadi. Fundi wa programu anataka kujaribu teknolojia aliyoisoma wiki iliyopita. Mwenye cheo anashinda, miezi mitatu inaliwa, kipengele kinatoka, watu wanakibonyeza mara moja na kukiacha. Hasara haiishii hapo. Kila kipengele kinaongeza uzito kwenye simu ambayo tayari imejaa video za WhatsApp, na siku simu ikianza kudai nafasi, mwenyewe hafuti picha za harusi ya dada yake. Anafuta programu yako.

Utafiti wa watumiaji hupunguza kubahatisha huko. Hauhitaji maabara wala bajeti kubwa. Wiki tatu, nauli, daftari na adabu vinatosha kwa raundi ya kwanza. Unachohitaji zaidi ni kukubali sharti moja ambalo mwongozo mzima umesimama juu yake: pendekezo litokane na kile ambacho watu tayari wanafanya, hasa vile viraka wanavyojitengenezea pale programu inapowaangusha.

## Kwa nini vitendo kuliko maneno

Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya Oktoba 2005. Haikuwa programu ya simu janja. Ilikuwa menyu ndani ya laini, inayofanya kazi hata kwenye kitochi. Vodafone na Safaricom waliitengeneza pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya kwa lengo moja: mkopaji apokee mkopo na alipe marejesho kwa simu. Wateja wa majaribio walikuwa mia chache tu, na walifundishwa kazi hiyo.

Waliifanya, kisha wakafanya na mengine ambayo hawakufundishwa. Kuna waliomlipia mwenzao rejesho. Kuna walioweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasipande basi na noti mfukoni. Wenye biashara waliweka mauzo jioni na kuyatoa asubuhi, simu ikawa kasiki la usiku. Wengine walimtumia ndugu wa mbali muda wa maongezi. Waliokuwa wakisimamia majaribio hawakuyaona hayo kuwa matumizi mabaya ya huduma, na hapo ndipo wanapostahili sifa. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando. Umma ulialikwa kutuma pesa nyumbani.

Kubipu nako ni hivyo hivyo. Watu wasio na salio walipiga na kukata kabla mwenzao hajapokea, mwenye salio akajua apige. Kampuni za simu ziliposoma tabia hiyo zikaleta ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe. Hakuna mteja aliyejaza fomu kuomba kipengele hicho. Alikuwa amekwisha kukibuni kwa kidole chake.

Sasa tuingie kazini. Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni, ila duka lenyewe unalijua: duka la mangi mtaani, lenye wavu mbele, mzani juu ya kaunta na daftari la madeni chini ya droo. Kampuni yako ina programu inayomsaidia mwenye duka kuandika mauzo na madeni. Kikaoni wamependekeza ujumbe unaojituma wenyewe kuwakumbusha wadaiwa. Wewe umetumwa kutafiti.

## Hatua ya 1: Andika uamuzi utakaofanywa

Kabla ya kuandika swali lolote, andika sentensi moja inayosema utafiti utamsaidia nani kuamua nini, na lini. Mfano: "Tarehe 30 mkuu wa bidhaa ataamua kama tujenge ujumbe wa kukumbusha wadaiwa, au kitu kingine katika eneo la madeni, au tusijenge kitu." Angalia maneno ya mwisho. Kama kutojenga hakumo kwenye orodha, uamuzi umeshapitishwa na wewe umetumwa kuutafutia mashahidi. Mwulize bosi wako mapema, kwa heshima, ni matokeo gani yangemfanya abadili mawazo. Akikosa jibu, ni afadhali umejua leo.

## Hatua ya 2: Soma ulichonacho

Siku mbili zinatosha. Pitia maoni kwenye Play Store, hasa ya nyota mbili na tatu. Wa nyota moja mara nyingi ana hasira na wa nyota tano ana haraka. Keti na watu wa huduma kwa wateja usikilize malalamiko ya mwezi uliopita. Omba takwimu za matumizi: watu hufungua programu saa ngapi, wanaishia skrini gani, wanaacha baada ya siku ngapi. Takwimu zitakuonyesha mahali penye moshi. Kwenye mfano wetu zinaonyesha kwamba madeni mengi huandikwa kati ya saa 3 na saa 5 usiku, yakiwa mengi kwa mpigo. Mbona usiku, ilhali watu hukopa mchana kutwa? Tayari una swali la kwenda nalo mtaani.

## Hatua ya 3: Chagua watu

Usitafute watu wengi. Tafuta watu wanaotofautiana.

1. Wanaotumia kila siku. Hawa wanajua viraka vyote.
2. Walioacha. Hawa ndio wenye thamani kubwa kuliko wote na ndio wanaosahaulika, kwa kuwa namba zao haziko mbele yako. Waombe watu wa takwimu wakutolee waliokaa kimya zaidi ya mwezi.
3. Wasiowahi kuitumia, lakini wana tatizo lenyewe. Daftari lao la karatasi ndiye mshindani wako halisi.

Watu watano hadi wanane kwa kila kundi wanatosha kuanzia. Utasikia wengi wakisema "watano wanatosha". Kauli hiyo ilienezwa na Jakob Nielsen mwaka 2000, na alikuwa akizungumzia kutafuta kasoro za skrini kwa kuwatazama watu wakiitumia. Haimaanishi kwamba watu watano wanakueleza mahitaji ya soko zima. Kanuni nzuri zaidi ni hii: mazungumzo mawili mfululizo yasipokuletea jambo jipya, funga kundi hilo.

Hakikisha pia unachanganya simu na mikono. Mwenye simu ya bei kubwa asiwe peke yake; mtafute mwenye Tecno au Itel ya nafasi ndogo, kioo kimepasuka, bando ananunua la siku. Na uulize mapema: simu hiyo inashikwa na nani mchana? Kwenye maduka mengi mwenye mali yuko Kariakoo anafungasha mzigo, na kaunta imeshikwa na kijana. Ukimhoji mwenye duka peke yake, umemhoji mtu asiyeandika chochote kwenye programu hiyo.

Marafiki wa ofisini na shemeji zako waache. Watakusifia.

## Hatua ya 4: Omba ruhusa ipasavyo

> ONYO: TAARIFA ZA WATU ZINA SHERIA
>
> Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019, na Rwanda ya mwaka 2021. Sauti uliyorekodi, picha ya daftari, jina na namba ya simu zote ni taarifa binafsi. Kwa Tanzania, anayekusanya au kuchakata taarifa hizo hutakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Thibitisha na mwanasheria wa kampuni kabla ya kutoka.
>
> Mwambie mtu kwa Kiswahili cha kawaida: wewe ni nani, unakusanya nini, kwa kazi gani, nani ataona, utafuta lini, na kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati bila kupoteza chochote. Asubiriwe aseme "ndiyo" mwenyewe. Kuitikia "haya" huku anapima mchele hakuhesabiki.

Kwenye mfano wetu kuna mtego. Daftari la madeni limejaa majina ya watu ambao hawajakupa ruhusa yoyote: majirani wanaodaiwa. Usilipige picha. Chora umbo la ukurasa kwenye daftari lako, uweke herufi za kubuni.

Kuhusu shukrani: mtu akikupa saa nzima ya kazi, mlipe au mpe vocha, na umwambie kabla ya kuanza kwamba atapata hata akiisema vibaya programu. Usimpe kingi hadi ajione ameajiriwa kukufurahisha. Hela ya soda iliyotajwa mwanzoni ni shukrani. Ikitajwa katikati ya mazungumzo inageuka kuwa malipo ya jibu zuri.

## Hatua ya 5: Kaa, tazama

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza saa 4 asubuhi, duka limepoa, watu wanaweza kuzungumza. Mara ya pili saa 12 jioni, wakati unga, mafuta ya kupima na vocha vinatoka kwa pamoja na watoto wamepanga foleni wakiwa na sarafu mkononi. Jioni usiulize kitu. Kaa pembeni uandike kwa mpangilio: nani amekuja, amesema nini, muuzaji ameshika nini kwanza, simu iko wapi. Ikiwa simu iko kwenye chaja nyuma ya rafu ya sabuni wakati mauzo yanapofanyika, hakuna kipengele cha mauzo ya papo hapo kitakachofanya kazi mpaka jambo hilo lishughulikiwe.

Tafuta viraka. Karatasi iliyobandikwa ukutani, namba iliyoandikwa kwenye kiganja, kundi la WhatsApp lenye mtu mmoja ambaye ni yeye mwenyewe, picha ya skrini iliyohifadhiwa kama risiti, kikokotoo kinachofunguliwa kando ya programu yako. Kila kiraka ni ombi ambalo mtu hakulisema.

## Hatua ya 6: Uliza kuhusu mara ya mwisho

Hapa ndipo utafiti mwingi unapoharibikia, na sababu mojawapo ni adabu zetu. Mgeni amekuja, amesalimia vizuri, amevaa fulana ya kampuni. Nani atamwambia kazi yake mbaya? Utaambiwa "iko vizuri sana", "endeleeni hivyo hivyo". Ukiuliza "mkiletewa ujumbe wa kukumbusha wadaiwa mtautumia?", wote watasema ndiyo, na utarudi ofisini na asilimia mia moja isiyo na maana.

Dawa ni kuuliza jambo lililokwishatokea, la karibuni, na mahususi. Tazama mazungumzo haya:

— Shikamoo, mzee.
— Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo kwenye kreti.
— Ahsante. Mzee, usinitajie jina, ila mtu wa mwisho kukopa hapa alikopa lini?
— Leo asubuhi. Mkate na sukari nusu.
— Alikuja mwenyewe?
— Alimtuma mtoto.
— Ukaandika wapi?
— Sijaandika. *(Anacheka.)* Palikuwa na foleni. Iko hapa.

Anachomoa kipande cha boksi la sigara kilichochomekwa chini ya mzani. Kimeandikwa "M.J 3200". Chini yake kuna vipande vingine vinne.

— Na hivi vinaingia lini kwenye simu?
— Usiku nikifunga. Nikikumbuka.
— Mara ya mwisho kumkumbusha mtu deni, ulifanyaje?
— Simkumbushi. Namwambia kijana apite akamsalimie.
— Akamsalimie tu?
— Akamsalimie. Anaelewa. Nikimwandikia meseji kama benki, kesho ananunua kwa jirani.

Soma tena. Tumepata mambo manne yasiyopatikana kwa kuuliza "ungependa kipengele gani". Deni huzaliwa wakati wa foleni, kwenye kipande cha boksi. Mkopaji mara nyingi hayupo, yupo mtoto. Jina zima haliandikwi, herufi mbili zinatosha. Na kudai kuna ustaarabu wake: salamu inabeba ujumbe mzima, na mteja hubaki na heshima yake. Lile wazo la kikaoni lingemvunjia mzee huyu biashara kwa jina la kumsaidia.

Badilisha maswali yako

| Acha kuuliza | Uliza |
|---|---|
| Unaipenda programu yetu? | Mara ya mwisho uliifungua kufanya nini? Nionyeshe. |
| Ungetumia kipengele hiki? | Tatizo hili lilikupata lini? Ulifanyaje siku hiyo? |
| Ungelipa shilingi ngapi? | Kwa sasa unatumia fedha au muda kiasi gani kulimaliza? |
| Je, ni vigumu kuandika deni? | Andika deni la mfano hapa, mimi niko kimya. |
| Kwa nini uliacha kutumia? | Siku ya mwisho ulipoitumia, nini kilitokea? |

Mambo matatu yatakusaidia zaidi. Kwanza, vua fulana ya kampuni na useme wewe hukuitengeneza programu, ulimi utalegea. Pili, mtu akishindwa kukosoa, mwulize wenzake wa mtaa huo wanalalamikia nini. Atayasema yake kwa jina la wenzake. Tatu, nyamaza. Akimaliza kujibu, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya swali linalofuata. Maneno mazito hutoka kwenye kimya hicho.

Nenda wawili ikiwezekana, mmoja azungumze na mwingine aandike. Ukiwa mwanamume unakwenda kumhoji mama nyumbani kwake, nenda na mwenzako wa kike, au mkutane dukani penye watu.

## Hatua ya 7: Chambua siku hiyo hiyo

Usiache maelezo yalale. Jioni ile ile, kila tukio liandike kwenye kadi yake, likiwa na mistari mitatu: *alichofanya*, *alichosema*, *ninavyodhani mimi*. Mstari wa tatu utenganishe kwa wino mwingine, kwa sababu baada ya wiki dhana yako itaanza kujifanya ushahidi.

Ukimaliza watu wote, tandaza kadi mezani na upange zinazofanana bila kuwa na majina ya makundi kichwani. Acha kundi lijipe jina baada ya kukusanyika. Kisha hesabu, lakini kwa busara: "sita kati ya wanane waliandika kwanza pembeni" ni maelezo ya watu wanane hao. Usiigeuze kuwa asilimia 75 ya wenye maduka Tanzania. Ukitaka kujua ukubwa wa tatizo kwa watumiaji wote, rudi kwenye takwimu za programu au tuma dodoso fupi baada ya kujua la kuuliza.

Kadi inayopingana na zote usiitupe. Ikiwa mmoja kati ya wanane anawatumia wadaiwa ujumbe bila shida, jiulize ana tofauti gani. Pengine anauza jumla kwa wenye maduka wengine, ambako deni ni la ankara na haya haimo. Huyo ni soko jingine.

## Hatua ya 8: Kutoka tatizo hadi kipengele

Andika tatizo kwa sentensi isiyotaja suluhisho: "Muuzaji anapokopesha wakati wa foleni hawezi kufungua programu na kujaza sehemu sita, hivyo anaandika pembeni, na baadhi ya madeni hupotea kabla ya usiku." Kisha toa masuluhisho yasiyopungua matatu, moja likiwa lisilohitaji kujenga kipengele kipya hata kidogo. Kwa mfano:

- Skrini ya haraka yenye sehemu mbili tu, kiasi na herufi za jina, inayofanya kazi bila mtandao; maelezo mengine hujazwa usiku.
- Kurekodi sauti: "M.J elfu tatu na mia mbili."
- Kubaki na skrini ile ile na kuondoa sehemu nne kati ya sita zinazolazimishwa kujazwa.

Suluhisho la tatu ni la kazi ya siku mbili, na usishangae likiwa ndilo bora. Wapenda vipengele vipya hulisahau: wakati mwingine pendekezo zuri ni kupunguza.

Sasa lijaribu kwa karatasi kabla ya mtu kuandika mstari wa programu. Chora skrini kwenye karatasi zenye ukubwa wa simu, rudi dukani saa ya foleni, umwombe muuzaji "abonyeze" kwa kidole wakati mteja halisi yuko mbele yake. Wewe ubadilishe karatasi. Hapa watu watano kwa raundi wanatosha kweli, maana sasa unatafuta kasoro za skrini. Wazo la kurekodi sauti litafia hapa: muuzaji hataki kutaja deni la jirani kwa sauti mbele ya foleni. Karatasi ya shilingi mia imekuokolea mwezi wa kazi.

## Hatua ya 9: Panga vipaumbele

Fomula zipo nyingi, na ile ya RICE iliyotoka kampuni ya Intercom inajulikana sana. Tumia yoyote, ila usiiruhusu ikufikirie. Namba unazoingiza umezikadiria mwenyewe. Mimi hupendelea maswali manne, kila moja likijibiwa kwa ushahidi: tatizo linawagusa akina nani? Linatokea mara ngapi? Wanalipa gharama gani leo kulizunguka? Kulitatua kutatugharimu nini, pamoja na kulitunza miaka inayofuata? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Mtu asiyejitengenezea kiraka chochote pengine hana tatizo, ana maoni.

Tenga pia vitu ambavyo havishangiliwi vikiwepo lakini vikikosekana watu wanaondoka. Profesa Noriaki Kano wa Japani alieleza tofauti hiyo mwaka 1984, na bado inafaa. Kufanya kazi bila mtandao ni kimojawapo. Kutopoteza madeni simu inapoibwa ni kingine. Hakuna atakayekuandikia nyota tano kwa ajili ya vitu hivyo, na havifai kushindanishwa na vipengele vya mapambo kwenye orodha moja.

## Hatua ya 10: Andika pendekezo la ukurasa mmoja

Bosi hatasoma kurasa arobaini. Atasoma moja, simuni, akiwa kwenye foleni ya magari Ubungo.

> PENDEKEZO (mfano)
>
> Tunapendekeza: Skrini ya "Andika haraka" yenye kiasi na herufi za jina, ikifanya kazi bila mtandao.
>
> Tatizo: Madeni yanayotolewa wakati wa foleni huandikwa kwenye vipande vya karatasi na baadhi hupotea.
>
> Ushahidi: Tumetazama maduka 8. Katika 6, muuzaji aliandika pembeni kwanza. Takwimu zetu zinaonyesha madeni mengi huingizwa kwa mpigo usiku. Jaribio la karatasi: watu 5 kati ya 5 waliandika deni bila kumsimamisha mteja.
>
> Hatupendekezi: Ujumbe unaojituma wenyewe kwa wadaiwa. Wauzaji hudai kwa salamu na wanahofia kupoteza wateja.
>
> Tusichokijua: Kama wauzaji wa jumla wana hitaji tofauti. Hatukuwatafiti.
>
> Tutapima vipi: Sehemu ya madeni yanayoandikwa kabla ya saa 1 usiku. Isipopanda ndani ya wiki sita, tunaiondoa.

Sehemu za "Hatupendekezi" na "Tusichokijua" usizifute hata ukiombwa. Ndizo zinazofanya sehemu ya kwanza iaminike. Na kama aliyetoa wazo lililokataliwa ni mkurugenzi mwenyewe, usimsomeshe kikaoni mbele ya watu. Mfuate kabla, mwonyeshe maneno ya yule mzee kuhusu meseji kama ya benki, umwache alifute wazo kwa mdomo wake. Bora zaidi, mpeleke dukani akakae kwenye kreti saa 12 jioni.

## Makosa yanayojirudia

- Kuonyesha skrini mpya kabla ya kuuliza habari za zamani. Ukishaonyesha, kila jibu litaizunguka skrini hiyo.
- Kutafiti kwa Kiingereza kilichotafsiriwa. Jaribu maswali yako kwa mtu mmoja wa mtaani kwanza. Akiuliza "unamaanisha nini?", andika upya.
- Kumsikiliza mteja mmoja mkubwa. Anayelipa zaidi ana haki ya kusikilizwa, ila mahitaji yake yanaweza kuwa yake peke yake.
- Kusahau simu ya pamoja. Mwenye duka, kijana wake na mkewe wanaweza kuwa na namba moja ya siri. Kipengele cha "mapato yangu binafsi" kinaweza kuleta ugomvi nyumbani.
- Kutafiti mara moja kwa mwaka. Maduka mawili kila mwezi yanakufaa kuliko ishirini kila Desemba.

## Orodha ya kubeba begani

- [ ] Sentensi ya uamuzi, imesainiwa na anayeamua
- [ ] Maswali yasiyozidi kumi, yote yakianza na jambo lililotokea
- [ ] Maelezo ya ruhusa kwa Kiswahili chepesi, nakala mbili
- [ ] Kalamu za rangi mbili na kadi tupu
- [ ] Chaja ya akiba, kama umepewa ruhusa ya kurekodi
- [ ] Vocha au shukrani, zimehesabiwa na kusainiwa
- [ ] Jina la balozi au mwenyekiti wa mtaa, uripoti ukifika mtaa usioujua
- [ ] Tarehe ya kufuta sauti na majina

Kipengele kikishatoka, rudi kwenye yale maduka uliyoanzia, mara moja baada ya wiki mbili na mara nyingine baada ya miezi miwili. Usiulize kama wamekipenda. Nunua soda, kaa, tazama kama bado kuna vipande vya boksi chini ya mzani, na vikiwapo, omba kuonyeshwa kimoja.